Mama Yake Umande

Mwaka ule wa 1967 tuliishi kundi la vijana katika nyumba moja ya mbao mtaa wa Ashbury, San Francisco. Hatukuwa na mkubwa wala sheria. Vyombo vichafu vilijaa hadi bafuni, maana kumwambia mwenzako aoshe sahani yake kulikuwa ni udikteta.

Mmoja wetu alikuwa Judith Haskett, msichana wa Nebraska aliyejipa jina la Umande. Asubuhi moja mama yake, Bi Lorraine, alibisha hodi, amevaa kofia na glavu nyeupe.

"Judith, nimekuja kukuchukua."

"Hapa hakuna Judith, mama. Naitwa Umande."

"Haya, Umande. Kusanya nguo zako twende."

"Siendi."

"Basi nitasubiri." Akavua glavu, akaanza kuosha vyombo.

Jioni alitupikia nyama ya kuoka. Duane, mwenye ndevu ndefu kuliko wote, ambaye kila siku alituhubiria kwamba familia ni minyororo, alikula kimya hadi sahani ikang'aa.

"Mama, imebaki kidogo?"

"Imebaki. Lakini kwanza kanawe. Na hiyo miguu pia."

Akaenda. Tulimsikia akijisugua.

Wiki zikapita. Bi Lorraine alitushonea suruali, akasikiliza shida zetu za mapenzi, akaenda nasi kwenye muziki bustanini na kurudi pekupeku, ua kichwani. Umande peke yake alinuna.

"Mama, nilikukimbia wewe. Sasa nikimbilie wapi?"

"Kwani nimekukataza nini, mwanangu?"

"Hujanikataza kitu. Ndiyo shida yenyewe."

Mwishowe Umande akaitisha kikao. "Amueni," alisema. "Yeye au mimi."

Tuliangalia sakafu, ambayo siku hizo ilikuwa safi. Duane akakohoa.

"Dada Umande, nyumba hii haimfukuzi mtu. Ila kama roho yako inakutuma uende, sisi ni nani tuizuie?"

Umande akapanda juu kufunga mizigo. Mama yake alimfuata hadi mlangoni.

"Ngoja nivae viatu twende wote."

"Baki, mama. Nani atawapikia watoto wako?"

Siku ile Bi Lorraine alilia jikoni. Umande alirudi Nebraska, akawa Judith tena, akaajiriwa kwenye ofisi ya bima ya baba yake, akaimba kwaya kanisani.

Baba huyo, Bwana Harold, alipiga simu kwa furaha. Sauti yake ilisikika chumba kizima.

"Lorraine, umefanya kazi kubwa. Mtoto ametulia kabisa. Sasa wewe unarudi lini?"

"Sijui, Harold. Huku hakuna anayeniuliza maswali hayo."

"Na mimi nile nini?"

"Jiko liko palepale, mume wangu."

Akaweka simu chini taratibu, akaja kukaa nasi sakafuni. Duane akasogea kumpisha.