Ufunguo wa Ishirini na Moja

Zamani Jumapili zetu zilikuwa za kanisa, magimbi, nguruwe na usingizi. Usingizi tuliufuta mwaka huu. Figo za mama zilichoka, daktari wa Apia, kule kwetu visiwani, akampangia siku tatu kwa wiki za kusafishwa damu, na tangu hapo kila Jumapili mchana ukoo ulikaa kikao kwenye simu. Ajenda ilikuwa moja tu: nani amchukue Sose.

Sose ni mwanangu. Nilimzaa nikiwa na miaka kumi na mitano. Alipofika mitatu nikamwacha kwa mama, nikaja Australia kutafuta kazi. Sasa ana mitano, na kikao kilimjadili kana kwamba mimi ni mjumbe wa kawaida, tena wa kukaa nyuma. Nilikasirika, lakini ningesema nini? Aliyekuwa akimwogesha na kumshonea sketi ya shule si mimi.

Tuliotajwa tulikuwa wawili. Mimi niko Logan, huku Queensland, nauza kuku wa kukaanga. Peni, mtoto wa mama mkubwa, ambaye kwetu ni kaka tu, yuko Auckland na mkewe, anauza baga. Mdogo wake Saili naye anauza baga, Honolulu. Karatasi za Marekani zingechukua miaka, kwa hiyo hakuwa kwenye hesabu, lakini mdomo wake haukukosa kikao hata kimoja.

"Kila mtu aseme anapata nini," mama alisema. "Na msitie chumvi. Nawaona macho."

"Dola ishirini na tisa kwa saa," nikawahi mimi.

"Toba!" Saili akapiga kelele. "Ishirini na tisa, za kuku? Mimi kumi na nne, na mafuta yanaruka yaleyale."

"Mimi ishirini na tatu na senti," Peni alisema polepole. "Na kodi nakatwa tangu dola ya kwanza."

"Huku dola za mwanzo za mwaka serikali haizigusi," nikasema kwa maringo. "Halafu mwajiri ananiwekea akiba ya uzeeni juu yake."

"Uzeeni utafika wewe, na hayo mafuta unayoyavuta?"

"Saili, nyamaza," mama alisema. "Na mtu akiumwa?"

"Nina siku kumi kwa mwaka, nalipwa nimelala nyumbani," Peni alijibu. "Likizo wiki nne. Na mwaka juzi nilipoungua mkono, mama mdogo, nililipwa karibu mshahara wote mpaka nikapona."

"Wewe, Moe?"

"Mimi ni kibarua, mama. Badala ya likizo wananiongezea kidogo kwenye kila saa."

"Kwa hiyo ukiumwa?"

"Siumwi."

Saili alicheka mpaka akakohoa. "Nisikilizeni mimi. Huku Honolulu bosi akikupa saa ishirini kwa wiki, lazima akulipie bima ya hospitali. Sasa mnadhani mimi nafanya ngapi? Kumi na tisa! Mwaka wa pili huu, kumi na tisa! Dada, acha kutuhesabia bei ya saa. Hesabu saa."

Nilimwambia ana wivu. Kisha nikatoa karata yangu. Huku kwenye maduka ya chakula mtu hulipwa kwa umri. Mtoto wa miaka kumi na sita hupata nusu ya mtu mzima, na kila akiongeza mwaka anapanda kidogo, mpaka afike ishirini na moja. Zaidi ya miaka miwili nilikuwa nimesimama mbele ya karai lilelile nikilipwa kama binadamu ambaye bado hajakamilika, na zilibaki wiki tano tu nikamilike.

"Nisubirini," nikawaomba. "Nikitimiza ishirini na moja nalipwa kamili. Nitapanga chumba cha maana, nitamleta mwanangu. Peni, kaka, nakuomba, usikate tiketi."

Peni alikubali. Mama alikubali. Sose akaambiwa kwamba mama yake akitimiza ishirini na moja atakuja kumchukua, na kuanzia siku hiyo, mama aliniambia, alikuwa akiamka anauliza kama leo ndiyo leo.

Siku ilipofika, kanisa letu la Logan lilinifanyia kama linavyowafanyia watoto wake wote. Waliniimbia, wakanivisha mashada mpaka shingo ikapinda, na wazee wakanikabidhi ufunguo wa mbao mrefu kama mkono wangu, umechongwa 21 katikati kwa rangi nyeupe, ishara kwamba sasa mlango wa nyumba ni wangu, naingia na kutoka kwa hiari. Niliutundika ukutani kwenye gereji niliyopanga. Nililia kwa furaha, mjinga mimi.

Jumatatu ratiba ya zamu ilitoka kwenye simu. Nilikuwa nimezoea saa thelathini kwa wiki, mara nyingine zaidi. Niliona zamu moja. Jumanne, saa tano asubuhi hadi saa nane mchana. Nikaifunga simu, nikaifungua tena, nikidhani mtandao unasumbua. Jumanne peke yake. Jioni zangu na wikiendi zangu zote zilikuwa na majina mawili mapya, na wenye majina hayo niliwajua. Nilikuwa nimewafundisha mwenyewe kuchuja mafuta, sare zikiwapwaya.

Nilimfuata Darren, meneja wetu, kwenye kile chumba chake karibu na friza.

"Bosi, ratiba imekosewa."

"Haijakosewa, Moe." Hakuniangalia. "Umekuwa mtu mzima, hongera sana. Sasa wewe mmoja ni bei ya watoto wawili. Makao makuu wananipimia mishahara kwa kijiko. Nikizidisha naondoka mimi."

"Basi niajiri wa kudumu. Hata saa ishirini tu."

"Nafasi hakuna."

"Basi nilipe ya miaka kumi na sita."

"Unasemaje?"

"Nilipe kama hao watoto. Nusu. Nirudishie saa zangu tu, bosi, nina mtoto wa kuja hapa, nimeshaahidi. Sitamwambia mtu yeyote. Nakuapia." Sijui niliushika mkono wake saa ngapi, lakini nilikuwa nimeushika kwa mikono yangu yote miwili.

Aliutoa taratibu, na ule utaratibu wake ndio ulioniumiza. Ningependa anisukume.

"Siwezi," alisema. "Kukulipa chini ya umri wako ni kosa. Sheria iko hapo kukulinda wewe, Moe."

Wiki ile nilizunguka maduka manne barabara ileile. Walinipa fomu kwa tabasamu, na kila fomu, mara tu baada ya jina, iliuliza tarehe ya kuzaliwa. Kwenye ya nne niliishia kwenye jina. Niliomba maji, nikanywa, nikaondoka.

Jumapili mama alitokea kwenye simu akiwa na bandeji mpya mkononi, uso umevimba, lakini anatabasamu.

"Haya, mtu mzima! Wanakupa ngapi sasa?"

"Thelathini na mbili."

Saili akapiga mluzi. Mama akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa sauti. Ningeweza kuishia hapo. Nilitamani kuishia hapo, wallahi sijawahi kutamani uongo kama siku ile. Lakini nilimwona Sose akishuka kwenye ndege na begi lake, nami nampokea kwa mshahara wa saa tatu.

"Mama, hiyo ni kwa saa. Saa zenyewe ni tatu."

"Kwa siku?"

"Kwa wiki."

Nilitegemea Saili acheke. Hakucheka. Alishika kichwa, akatazama pembeni.

"Dada," Peni akasema, "nitamchukua mimi. Ni wako. Mimi namtunza tu."

"Mchukue," nikasema. Nilimchukia kwa wema wake, na nilimshukuru, vyote kwa pamoja.

Mama akamwita mjukuu wake. Alimpa Sose simu.

"Mama, umetimiza?"

"Bado, mwanangu," nikamjibu. "Safari hii nimetimiza ishirini tu. Utakaa kidogo kwa mjomba Peni. Ishirini na moja ni mwakani."

Alisogeza uso kwenye simu mpaka nikawa naona jicho moja na nusu ya pua, na jicho lile halikuwa linanitazama mimi. Lilitazama nyuma yangu, ukutani, penye ufunguo.

"Mbili," alisoma. "Moja."

Nikageuza simu ikatazama sakafu.

"Bibi," nikamsikia akiuliza, "mbili na moja si ndiyo ile?"