Wanaoitika

Kwanza Mahoro, mhudumu katika nyumba ya wazee, aliona kandambili. Kandambili za mzee wa chumba cha juu zilikuwa safi kama zimetoka dukani jana, ingawa kila siku aliitwa mazoezini na kila siku jina lake liliitikiwa. Kisha, akipiga deki, aliona nyayo za udongo, kila moja ndogo kama ukucha, zikitoka chini ya kitanda hadi mlangoni na kurudi. Akazifuta. Kesho yake zilikuwepo tena.

Nyumba hiyo ipo Gaithersburg, Marekani, kando ya barabara kuu, na Wamisri wa kale walihamia hapo mwanzoni mwa vuli. Walipangwa kama walivyozoea. Juu, penye madirisha makubwa, alikaa aliyekuwa msimamizi wa maghala ya mfalme. Ghorofa ya kati walikaa makuhani, pamoja na karani aliyelalamikia chai. Chini, karibu na mashine za kufulia, walilala mfinyanzi na mkulima, ambao bima yao ilikuwa ndogo. Wakati wa chakula lifti ilipofunguka, mkulima aliwaachia wengine, yeye akapanda ngazi. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

"Mfalme hakuja?" Mahoro alimuuliza Genoveva, Mtanzania aliyefanya naye kazi.

"Mfalme ana nyumba yake Potomac. Anatunzwa na binamu yangu. Tangu binamu aanze kazi pale, mfalme anamwita 'wewe' tu."

Chini ya kitanda cha msimamizi kulikuwa na sanduku la vijitu vya udongo wa buluu, kila kimoja na jembe lake. Alizikwa navyo ili akiitwa kazini huko aendako, kimoja kiitike badala yake. Mwalimu wa mazoezi alipoita, kijitu kilitoka, kikasema "Nipo," kikaenda kunyoosha mikono. Daktari aliandika kwamba mzee anaendelea vizuri. Mzee mwenyewe alikuwa dirishani akitazama magari.

Mahoro naye alikuwa mtu wa kuitika. Dada Shiku, Mkenya aliyepanga zamu, akipungukiwa na mtu alimpigia yeye kwanza. "Mahoro wangu, si uniokolee?" Na neno lilimtoka kabla hajalifikiria: "Nipo, dada." Aliwahi kuitika akiwa na homa. Aliwahi kuitika akiwa kwenye harusi ya rafiki yake Arielle, keki ikiwa bado haijakatwa.

Lakini Jumapili hiyo mama yake alikuwa anafika kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Hawakuwa wameonana tangu Mahoro aondoke na shangazi yake akiwa msichana mdogo. Mama hakujua Kiingereza, na alisema kwenye simu kwamba akitoka kwenye ule mlango wa uwanja wa ndege anataka kuona uso mmoja tu. Mahoro aliomba ruhusa. Shiku alikubali. Shiku alikubali kila mara, kisha akapiga simu.

Jumamosi, akikatwa kucha, msimamizi wa maghala aliisikia habari hiyo.

"Chukua kimoja, binti," alisema kwa wema. "Vipo vingi. Ukiitwa, kitakwenda."

Mahoro alishukuru, akakitia kijitu mfukoni. Pale chini mkulima alikiona kichwa chake kikichungulia.

"Shikamoo, mzee. Wewe ulizikwa na vingapi?"

"Mimi? Walionizika waliurudisha hata mkeka." Alikichukua, akakinusa. "Udongo huu niliuchimba mimi," alisema, akamrudishia.

Nyumbani kwake Laurel, Mahoro alikiweka mezani, karibu na chumvi. Maikrowevu ilipolia, kikasema "Nipo." Jirani alipomwita mwanawe Ethan, kikasema "Nipo," kikaanza kutafuta njia ya kushuka mezani. Alikiwekea ugali, hakikula. Alikiuliza kama hakichoki.

"Nipo," kilisema.

Ilikuwa sauti ya upole, ya mtu anayeogopa kusumbua. Mahoro aliijua sauti hiyo.

Jumapili asubuhi alikuwa amekwisha kuvaa kitenge kipya na kushika funguo za gari simu ilipoita.

"Mahoro wangu. Najua ni leo. Lakini karani ameanguka bafuni na mtu wangu mmoja hajafika, na mimi huku juu wananipigia kelele. Si uniokolee kidogo tu? Ndege huchelewa, hizi."

Kijitu kilikuwa kimeweka jembe begani na kuanza kupanda juu ya simu. Mahoro alikifunika kwa kikombe. Ndani ya kikombe kiliendelea kusema "Nipo, nipo," bila hasira.

Upande wa pili Shiku aligeuka kuuliza nani anaweza kubaki. Mahoro alimsikia Genoveva, ambaye zamu yake ilikuwa imekwisha, na zipu ya koti lake ikifunguliwa tena. "Nipo," Genoveva alisema. Kwa mbali mwalimu wa mazoezi aliita jina la msimamizi wa maghala, na sauti nyembamba ikajibu, "Nipo."

"Mahoro?" Shiku alirudi. "Na wewe je? Upo?"

Mahoro alikiinua kikombe, ili kijitu nacho kisikie.

"Sipo," alisema.