Maji Yamelala

Asubuhi ya kikao, Ghalia alimkuta baba yake bustanini, amechuchumaa kando ya kitalu cha vitunguu kisichokuwa na vitunguu tena. Haji Bahmed alikuwa akifinyanga udongo kwa vidole, akitengeneza vizibo vya kuzibia matundu ya bamba lake la shaba. Kwa miaka arobaini na sita alikuwa mpima maji wa Tinzari, mwenye kuipa kila bustani haki yake ya maji ya fogara, ule mfereji wa chini kwa chini ambao mababu waliuchimba kutoka uwanda wa juu hadi kwenye mitende.

"Baba, leo nakuomba neno moja tu."

"Moja? Tangu uanze kusema hujawahi kutosheka na moja."

Ghalia alishindwa kucheka. "Bwana Zerruki wa mradi wa pampu akikuuliza, mwambie maji yamepungua."

Mzee aliacha kufinyanga. "Astaghfirullah. Mbele ya maji yenyewe?"

Huko Tinzari mpima maji halitamki neno hilo, kama vile mtu asivyotaja kaburi kwenye chumba cha mgonjwa. Maji yakishuka, husema yamelala. Watu humwelewa, kila mmoja akaenda kupunguza matuta yake kimyakimya. Ghalia alikulia katika nyumba hiyo. Alipokuwa mdogo, baba akirudi na kusema yamelala, mama yake alikuwa akitoa nusu ya mbegu kutoka kwenye bakuli na kuzirudisha mfukoni.

Alikuwa msichana wa kwanza wa Tinzari kusomea maji chuoni. Mradi wa pampu za jua ulipokuja, ulimwajiri, na watu walijivunia. Paneli zilisimamishwa uwandani, kisima kirefu kikachimbwa, na kabla mwaka haujaisha kila nyumba ilikuwa na bomba uani. Wanawake waliacha kubeba ndoo. Jirani yao Mbarka alimbusu mabegani huku analia. Upande wa pili wa barabara, mahali palipokuwa mchanga mtupu, pakaota mashamba ya nyanya. Hayo yote yalikuwa kweli, na Ghalia hakuwahi kuyajutia.

Jambo alilolijutia lilikuwa alama moja kwenye fomu.

Kila mwaka, kabla mradi haujapanga saa za pampu, mpima maji aliulizwa kuhusu hali ya fogara. Ghalia ndiye aliyeuliza, tableti mkononi. Majibu yalikuwa matatu: yameongezeka, yamepungua, hayajabadilika.

"Maji yakoje, Baba?"

"Yamelala."

"Yaani yamepungua?"

"Nimesema yamelala, mtoto wewe. Usinitie maneno mdomoni."

Jibu la kulala halikuwemo kwenye fomu. Nje gari lilikuwa likipiga honi, na ofisini walikuwa wakisubiri taarifa ili wafunge paneli zaidi, kazi aliyoipigania yeye mwenyewe. Masikio yake yalijua alichosikia. Kidole kikagusa: hayajabadilika. Mwaka uliofuata ikawa hivyohivyo, na wa tatu pia. Kwa alama hizo tatu, pampu ikaruhusiwa kuvuta maji yaleyale ya ardhini kuanzia jua linapochomoza mpaka linapozama.

Sasa mradi ulikuwa umekubali kusikiliza malalamiko ya wenye bustani kwenye kikao. Mpima maji akishuhudia kwamba fogara imepungua, pampu itafanya kazi nusu siku, na fogara ipate kupumua.

"Kuna kitu sijakwambia," Ghalia alisema, akachuchumaa karibu na baba yake. Akamwambia kuhusu fomu.

Haji Bahmed alimsikiliza huku akikitazama kizibo kiganjani.

"Miaka mitatu?"

"Mitatu, Baba."

"Na wewe ulijua maana yake."

"Nilijua."

Hakumpigia kelele. Aliinuka taratibu, akajipangusa magoti. "Nibebee bamba," alisema. "Leo zito."

Watu walikuwa wamejaa kwenye bwawa dogo ambapo fogara inatokea juani. Bwana Zerruki, mtu mpole mwenye miwani, alipewa mkeka kivulini. Salem, mchimbaji aliyeingia mferejini na Haji tangu ujana wao, alikuwa ameshatumbukia hadi kwenye vifundo vya miguu.

"Zamani hapa ningekuwa nimelowa mpaka kiunoni," aliwaambia vijana. "Sasa hata kunawa miguu kwa udhu ni kubahatisha."

"Basi tayamamu kwa mchanga, mzee!" mmoja akajibu, watu wakacheka kidogo.

Haji alisimamisha bamba, akaziba kingo kwa udongo, maji yakaanza kujikusanya nyuma yake. Akaziba tundu moja baada ya jingine, akingoja maji yapande mpaka kwenye mstari; matundu yatakayobaki wazi ndiyo kipimo cha maji. Hayakupanda. Akaziba mengine. Vicheko vikaisha. Maji yalipoufikia mstari, matundu yaliyobaki wazi yalikuwa machache hata watoto waliyahesabu kwa mkono mmoja.

"Haji," Bwana Zerruki aliuliza kwa adabu, "unashuhudia nini?"

Mzee alifumba macho.

"Yamepungua."

Salem aligeuza uso. Mwanamke mmoja nyuma alipiga kite kana kwamba ametangaziwa msiba.

Bwana Zerruki alitazama tableti yake. "Mbona miaka mitatu mfululizo umesema hayajabadilika? Taarifa hizi hapa, zina jina lako."

Ghalia alihisi macho ya baba yake yakimfikia, yakakaa juu yake muda mfupi tu, kama mtu anayeangalia kama mlango umefungwa. Ulikuwa wakati wake wa kusema. Aliiona kazi yake, aliiona ofisi, aliona jinsi Mbarka angemtazama. Akameza mate mara moja.

Mara hiyo moja ilitosha.

"Nilisema uongo," alijibu Haji Bahmed.

Hakuna aliyewahi kumsikia akisema uongo. Minong'ono ikapita kama upepo kwenye makuti. Mtu akauliza kwa sauti alilipwa na nani, na mwingine akamjibu kwamba nyanya zile hazikuota bure.

"Si yeye!" Ghalia alipaza sauti. "Mimi ndiye niliyeandika. Alisema yamelala, mimi nikaandika hayajabadilika!"

Bwana Zerruki alivua miwani, akamtazama kwa huruma. Hiyo huruma ndiyo iliyommaliza. "Dada Ghalia, mtoto yeyote angemtetea baba yake. Hata mimi ningefanya hivyo." Akawageukia watu. "Naomba mnielewe. Shahidi anayekiri mwenyewe kwamba alidanganya, siwezi kuandika ushahidi wake. Saa za pampu zitabaki zilivyo mpaka tathmini nyingine."

"Mwulize tena!" Ghalia alimwambia Bwana Zerruki, kisha akamgeukia baba yake. "Baba, waambie ukweli!"

"Nimeshasema neno lako," alijibu kwa upole. "Jingine sina."

Tathmini nyingine ilikuja baada ya miezi kumi na minne. Fogara ilikuwa imekauka, na Haji Bahmed alikuwa amezikwa. Miezi yake ya mwisho hakuna aliyempelekea ugomvi wa mipaka ya maji, wala wa jambo lolote. Msikitini walimpisha nafasi, lakini hawakumsogelea. Salem peke yake ndiye aliyekuja kunywa chai. Ghalia aliacha kazi mwezi uleule wa kikao. Alipotaka kuzungumzia jambo lile, baba yake alimuuliza kama mkate umeiva.

Siku ya arobaini, wageni walipomaliza kula na kuondoka, Ghalia alijitanda shuka yake akatoka. Tinzari ina nyumba sitini na moja. Alianza kwa Mbarka.

"Nimekuja kukueleza kuhusu baba yangu," alisema mlangoni. "Hakudanganya."

"Mwache apumzike, mwanangu. Tumeshamsamehe."

"Hana la kusamehewa," Ghalia alisema. "Naomba niketi nikueleze."

Mbarka alimtazama, mkono ukiwa bado kwenye komeo. Nyuma yake, uani, bomba lilikuwa likimimina maji kwenye beseni. Kisha akasogea pembeni, mlango ukabaki wazi nusu.