Kipimo cha Msumarini

Kando ya mlango wa chuma wa jengo la kinu cha nyuklia kulikuwa na ubao wa misumari. Sheria ilisema kila anayeingia abandike kifuani kipimo chake, kidude kidogo cha plastiki kinachohifadhi hesabu ya mionzi iliyompata. Badala yake kila aliyeingia alikitundika msumarini, akapita zake.

Siku ya kwanza Smaranda alidhani ni mzaha. Alikuwa ametoka mji wa Iași, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, amepewa nafasi ya utafiti wa kiangazi hapa, na bila matokeo ya miezi hii miwili tasnifu yake ingebaki hewani. Hakutaka kuanza kwa ugomvi. Lakini alipoukaribia mfereji unaotoa mionzi, mahali pake pa kazi, ambapo alipaswa kuelekeza kigunduzi, chombo cha kunasa mionzi, mashine ya kupimia mionzi aliyoshika mkononi ililia kwa namna ambayo haikupaswa kulia. Ukuta wa matofali ya risasi, madini mazito yanayozuia mionzi, ulikuwa na ufa, na kila mtu aliujua.

Profesa Vornicu, msimamizi wao, alimweleza bila haya. Kuziba ufa ni kuzima kinu mpaka majira ya baridi, na kinu kikizimwa wanafunzi wote wanarudi makwao mikono mitupu. Wakivaa vipimo, kikomo cha mionzi anachoruhusiwa mwanafunzi kitafikiwa kabla ya nusu ya kazi, na ofisi ya usalama itawatoa mmoja mmoja. Kwa hiyo wanatundika.

"Kitundike, binti yangu. Mimi natundika tangu ujana wangu, na kila mwaka cheti changu kinasema sifuri. Niangalie nilivyo mzima."

"Profesa, cheti chako kimeupima msumari. Msumari ndio mzima."

Vornicu akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomchemsha Smaranda damu. Mwoga unaweza kumhurumia. Huyu alikuwa amesahau kwamba kuna cha kuogopa, na sasa alikuwa akiwafundisha watoto wa watu kusahau.

Tiberiu, mwanafunzi mwenzake kutoka Craiova, ambaye walikuwa wakila supu ya ciorba meza moja na kutaniana kama ndugu, alimsihi atulie.

"Wiki chache tu, dada. Usimwamshe aliyelala, utalala wewe."

"Huyo hajalala, Tibi. Anatulaza sisi."

Kuanzia kesho yake Smaranda alivaa kipimo chake. Alifanya kazi ileile aliyofanya Tiberiu, akasimama palepale aliposimama Tiberiu, akiamini kwamba ofisi ya usalama ikikisoma itauliza mionzi yote hiyo imetoka wapi. Hapo ndipo alipokosea. Mwisho wa mwezi ofisi ilisoma vipimo vyote. Cha Smaranda kilikuwa kimevuka kikomo, vya wengine vyote vilikuwa safi. Wakakata shauri kwamba jengo halina kasoro, ila msichana ni mzembe.

Aliitwa mbele ya watu watatu, Vornicu akiwa mmoja wao, akaulizwa imekuwaje wenzake wasidhurike. Akawaambia waende wakautazame ubao wa misumari. Wakamjibu kwamba wameutazama asubuhi hiyo, na ulikuwa mtupu. Bila shaka ulikuwa mtupu, kwani asubuhi hiyo watu wote, wakijua ukaguzi unakuja, walikuwa wamevaa vipimo vyao. Akaitwa Tiberiu, akaulizwa kama huwa anavaa kipimo chake.

"Kila siku," alisema, macho yakiwa mezani.

Smaranda alifukuzwa siku hiyohiyo. Alipakia nguo zake akizirusha begini, akimlaani Vornicu, akiilaani ofisi, akijilaani mwenyewe kwa kudhani ukweli una mtetezi. Kesho yake mchana, akisubiri treni ya Iași, Tiberiu alimfuata stesheni. Hakukaa.

"Wamenipa kazi yako," alisema. "Kigunduzi hakishiki kitu. Nimekigeuza asubuhi nzima. Wewe ulikuwa unakielekeza vipi?"

Smaranda aliinuka. Pembe ya kukielekezea kigunduzi ilimchukua karibu mwezi mzima kuipata, na ndiyo mali pekee aliyoondoka nayo. Kwayo angeweza kubisha hodi kwenye kinu kingine na kuanza upya kabla mtu hajamtangulia. Na huyu aliyemkana jana amekuja kuiomba, hata adabu ya kusalimia hana. Alitaka kumpiga kofi.

"Asubuhi nzima umesimama wapi?"

"Palepale."

"Mbele ya ufa?"

Tiberiu aliitikia kwa kichwa.

"Na kipimo?"

"Msumarini."

Smaranda akalipiga begi lake teke. Akimnyima, mjinga huyu atarudi kesho asimame pale mpaka jioni, na keshokutwa tena, akitafuta. Akatoa kalamu mfukoni, akamkamata mkono, akamchorea pembe ile kiganjani, akikandamiza mpaka mwenzake akaguna.

"Ukikielekeza hivi, dakika kumi zinakutosha," alisema. "Halafu utoke. Unanisikia, Tibi? Utoke humo ndani."