Mwalimu Novatus Anachagua Programu

Mwalimu Novatus Maige hakuwahi kuingia darasani bila andalio la somo. Miaka kumi na moja ya kufundisha Hisabati pale Bariadi mjini, na wathibiti ubora wakija kumkagua wanakuta kila kitu kimepangwa dakika kwa dakika, hadi mahali pa kuuliza "Mmeelewa?" Wenzake walimcheka, yeye akawaacha wacheke. Sasa mtu huyo ndiye, jamani, aliyeambiwa na binti yake wa miaka kumi, siku ya kwanza ya likizo ya Juni, kabla mtoto hata hajavua viatu vya safari:

"Baba, tutengeneze gemu. Mimi na wewe."

Binti mwenyewe aliitwa Generoza, na wote walimwita Jene. Aliishi Mwanza na mama yake tangu wazazi walipoachana, miaka mitatu iliyopita, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuja kukaa na baba. Haikupatikana kirahisi. Novatus alikwenda na kurudi ofisi ya ustawi wa jamii mpaka mlinzi wa getini akawa anamsalimia kwa jina. Mwishowe Bi. Kabula, afisa wa pale, akawaita wazazi wote wawili akawaambia: mtoto aje wiki nne. Siku ya kuondoka mtamleta hapa nimuulize mwenyewe kama Desemba anataka kurudi. Akisema ndiyo, atakuja kila likizo. Asiposema ndiyo, hatumlazimishi, na wewe Mwalimu hutanisumbua tena.

Kwa hiyo ulikuwa mtihani, na Novatus alijua kabisa ni mtihani. Wiki nzima kabla Jene hajafika alikuwa akijiuliza atafanya nini na mtoto wa Mwanza asiyejua hata kula michembe, viazi vile vilivyokaushwa. Aliposikia habari ya gemu, moyo ulimruka kwa furaha. Kazi ilikuwa imejileta yenyewe mlangoni.

"Gemu ya nini, mama?" akauliza.

"Ya kuku wa bibi. Mgeni akipiga hodi, kuku anakimbia kujificha asichinjwe. Hodi ya kwanza anajificha chini ya kitanda. Hodi ya pili, nyuma ya magunia ya pamba. Wageni wanazidi kuja, wanazidi kuja, mpaka sehemu za kujificha zinaisha."

Bibi Milembe, mama yake Novatus, aliyekuwa ameshamkamata huyo kuku mwenyewe kwa ajili ya chakula cha jioni, alicheka mpaka kuku akamponyoka. "Sasa mgeni ale nini, ng'wanone, mwanangu? Dagaa?"

"Tutumie Scratch, baba," Jene akaendelea. "Ni rahisi, huandiki chochote, unaunganisha tu vipande vya rangi. Naijua. Anko Marcelo ameniwekea kwenye kompyuta yake."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na mtoto wala hakujua ameharibu nini. Anko Marcelo alikuwa mume mpya wa mama yake. Novatus alikuwa amemwona mara moja tu, mtu mpole, mwenye meno mazuri, na kwa kweli hakuna mtu anayeudhi kama mpole mwenye meno mazuri.

"Hiyo ni ya watoto," akasema Novatus.

"Mimi ni mtoto," akajibu Jene.

Wote wakacheka. Novatus naye akacheka, lakini ndani alikuwa ameshakula kiapo. "Baba atakutafutia ya kweli," akasema. "Wanayotumia wataalamu. Nipe siku mbili niiandae."

Siku mbili! Kesho yake asubuhi alifungua kaunta buku jipya, akapiga mistari kwa rula. Jina la programu. Ukubwa wa faili. Mashine inayohitajika. Faida. Hasara. Akaenda kwa Ndaki, fundi wa simu na kompyuta karibu na stendi, mtu ambaye ukimuuliza swali moja anakupa majibu matano na yote yanapingana. Ndaki akamwambia Unity ndiyo yenyewe, gemu kibao za kwenye simu zimetengenezwa kwayo. Halafu akasema hapana, Unreal, ile picha zake utadhani ni watu wa kweli, ila kwa laptop yako hiyo, Mwalimu, usijaribu, utaiua. Halafu akasema aa, kama ni mwanzo basi Godot, nyepesi, ya bure, haina masharti. Halafu akaikumbuka GDevelop, isiyohitaji kuandika kodi za kompyuta. Novatus akaandika zote.

Mtandaoni ndiko alikopotea kabisa. Kule alikuta watu wanagombana kama Wagika na Wagalu, yale makundi mawili ya Kisukuma siku ya ngoma, kila upande unaapa dawa yake ndiyo kali. Angetazama video ya mtu anayesema hii ndiyo bora kwa anayeanza, moyo ukatulia. Akishuka kwenye maoni anakuta mwingine kaandika: ukianza na hiyo utajifunza tabia mbaya, itakuchukua miaka kuziacha. Tabia mbaya! Kwa mwalimu hilo ni tusi. Aliogopa kumwanzishia mwanawe vibaya, mtoto akaja kukwama mbele ya safari na kukumbuka nani alimkwamisha. Akaongeza safu nyingine kwenye kaunta buku: Tabia.

Jene alikuwa anachora. Alimchora kuku kwa pembeni, kwa mbele, kuku akiwa na hofu. Akachora mlango. Akachora mgeni aliyevaa suti na mgeni aliyeshika fimbo ya ng'ombe. Kila asubuhi alileta karatasi zake mezani, akasimama pembeni ya baba yake na kuuliza, "Umeshachagua?"

"Bado kidogo. Kesho."

Wiki ya kwanza ikaisha hivyo.

Wiki ya pili, nisimwonee, alijikaza. Aliiweka Godot kwenye laptop na Jumanne akamwita Jene. Wakaipiga picha ile ya kuku kwa simu, wakaiingiza, na Novatus, akifuata maelekezo ya Kiingereza neno kwa neno huku akisimamisha video kila sekunde tatu, akampa kuku uzito ili aweze kuruka na kutua kama kuku wa kawaida. Akabonyeza kitufe cha kuendesha.

Kuku akatokea. Akakaa hewani kufumba na kufumbua, halafu akaporomoka akatokomea chini ya skrini. Novatus alikuwa amesahau kuweka ardhi.

Jene alicheka mpaka akakaa chini. "Tena! Baba, tena!" Akabonyeza mwenyewe, kuku akaporomoka. Akabonyeza tena. "Bibi, njoo uone kuku wako anaenda kuzimu!" Bibi Milembe akaja na mwiko mkononi, akaona, akapiga yowe, na mtoto akamning'inia baba yake shingoni huku akicheka masikioni mwake. Tangu ashuke kwenye basi hakuwa amemgusa namna hiyo.

Na Novatus, badala ya kucheka, uso ulikuwa unamchoma. Alijiona kama mtu aliyeandika jibu lisilo sahihi ubaoni mbele ya darasa zima. Huko kwa Marcelo kuku asingeanguka, hilo ndilo alilowaza, Mungu amsamehe. Akanyoosha mkono akafunga dirisha la programu.

"Baba, usifunge!"

"Nilikuwa najaribu tu. Hii siyo. Nitatafuta nyingine iliyo bora."

Mikono ikamtoka shingoni taratibu. Aliisikia ikitoka. Angeweza kuifungua tena programu pale pale, lilikuwa suala la kubonyeza mara mbili, na alijua hivyo, na hakubonyeza.

Wiki ya tatu ilikuwa ya Unity. Faili lilikuwa kubwa kuliko kila kitu alichowahi kupakua, likaanza kuvutwa, bando likaisha, akaongeza, umeme ukakatika likiwa limefika nusu, likaanza upya. Lilipokamilika, laptop ikapata moto chini na kunguruma, na ile alama ya kusubiri ikazunguka kwenye skrini tangu saa nne asubuhi hadi Bibi Milembe alipopakua chakula cha mchana. Jene hakuuliza tena kama ameshachagua. Alikuwa amepata marafiki kwa jirani, anashinda huko akiruka kamba. Novatus alikuwa akimwona dirishani. Alitamani kusimama, atoke nje, aseme niachieni na mimi niruke. Miguu ilikuwa yake na hakuna aliyemfunga kwenye kiti. Alikaa pale pale akitazama alama inazunguka.

"Nova," mama yake akamwambia siku hiyo, akiwa amesimama mlangoni. "Mtoto anaondoka Ijumaa ijayo."

"Najua, mama."

"Unajua, halafu?"

"Nataka nimpe kitu kizuri."

"Amekuomba kizuri? Amekuomba kuku." Akaenda zake jikoni huku akisonya.

Novatus alibaki na maneno yale. Usidhani hakuyaelewa, aliyaelewa vizuri sana, na machozi yalimlengalenga. Jumatano ya wiki ya mwisho akapiga moyo konde, akapakua Scratch. Ilikuja haraka, ikafunguka bila kelele, na ndani kulikuwa na paka wa rangi ya chungwa anayesubiri kuambiwa afanye nini. Akaburuta kipande kimoja, paka akasogea. Akaongeza kingine, paka akasema "Hodi". Dakika tano, jamani. Ilichukua dakika tano.

Akatoka nje kumwita Jene, karibu akimbie. Jene alikuwa ameenda shambani na bibi yake kuokota masalia ya pamba. Waliporudi jua limezama, mtoto amechoka hoi, akala vijiko viwili na kusinzia juu ya sahani. Si neno, kesho ipo.

Na kesho yake, akingoja Jene aamke, Novatus akachungulia simu kidogo tu. Akakutana na mwalimu mmoja wa nchi fulani aliyeandika kwamba mtoto wa miaka kumi ameshapita umri wa Scratch, atachoka nayo mapema, heri GDevelop, inakua pamoja naye. Novatus akasoma mara mbili. Inakua pamoja naye. Akavuta kaunta buku. Jene aliamka akamkuta ameinama anaandika, akamwamkia, akaitikiwa bila kutazamwa, akachukua kamba yake akaenda kwa jirani.

Ijumaa wakaenda ofisini kwa Bi. Kabula. Mama Jene alikuwa ameshafika kutoka Mwanza, amekaa na mkoba mapajani. Alimsalimia Novatus kwa heshima, hakukuwa na ugomvi wowote hapo. Bi. Kabula akamkalisha Jene kwenye kiti kilicho karibu na meza yake na kuwageukia wakubwa.

"Ninyi kaeni, ila midomo mfunge. Leo anaongea mtoto."

Jene akatoa shikamoo, akaitikiwa.

"Haya, Jene. Likizo ilikuwaje kwa baba?"

"Nzuri."

"Mlifanya nini na baba?"

Jene akafikiri. Alikuwa mtoto mwenye adabu na hakupenda kusema uongo, na hayo mawili yalimfanya achukue muda. "Baba alikuwa ananiandalia gemu," akasema. "Alifanya kazi sana. Kila siku alikuwa anafanya kazi."

"Mkaicheza?"

"Hapana. Alikuwa anachagua programu."

"Mwezi mzima?"

"Ziko nyingi," Jene akasema haraka, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemtetea ndugu yake kwenye baraza. "Wewe huzijui. Ukikosea unapata tabia mbaya. Baba hataki nipate tabia mbaya."

Mama Jene aliinamisha kichwa akatazama mkoba wake. Kama wangemsema vibaya, Novatus angejitetea, maneno alikuwa nayo. Lakini mtu anafanyaje anapotetewa na mtoto aliyemkosea? Aliifunga vizuri midomo yake, maana ndivyo alivyoagizwa.

Bi. Kabula akageuza kalamu vidoleni. "Na Desemba, Jene? Utapenda kurudi kwa baba?"

Jene akamtazama baba yake. Hakukuwa na hasira machoni mwake, ingekuwa afadhali.

"Akishachagua, nitakuja."

Bi. Kabula, aliyekuwa mwanamke mkali lakini si mbaya, akaiweka kalamu chini na kumgeukia Novatus. Alikuwa anamfungulia mlango, hata mlinzi wa getini angeliona hilo.

"Mwalimu, nakuruhusu useme. Umeshachagua?"

Neno moja tu lilitakiwa. Ndiyo. Au ataje jina lolote, hata lile la paka. Mama Jene aliinua kichwa akamtazama, na usoni mwake ilionekana wazi kwamba hata yeye alitaka alitamke. Jene alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, miguu haigusi sakafu, anasubiri. Novatus akafungua mdomo. Akayaona majina yote yamejipanga kwenye mistari yake, faida huku, hasara kule, na hofu ikamshika ile ile ya kusimama mbele ya mtoto na jibu lisilo sahihi.

"Nimebakiza mbili," akasema. "Bado nazilinganisha."

Bi. Kabula akaishika kalamu. Akaandika kwenye faili: mtoto hakusema ndiyo. Jene akaitikia kwa kichwa kumthibitishia afisa maneno ya baba, kwa sababu yalikuwa kweli.