Mfunga Msafara

Baada ya mnara wa taa barabara ilipinda, bahari ikajitokeza yote kwa mara moja, na Mama Spoki akasahau kukanyaga pedeli. Baiskeli ilipunguza mwendo taratibu, kama inayomuuliza kulikoni. Alipokanyaga tena, mota ikaitika, akahisi msukumo laini, kama mkono wa mtu anayekusaidia kupanda ngazi bila kutaka ujue.

Alikuwa na miaka hamsini na minane, na thelathini kati ya hiyo alikuwa ametengeneza baiskeli kwenye kibanda kilichobanwa kati ya duka la rangi na ukuta wa posta. Kazi alifundishwa na marehemu mumewe. Jina alipewa na wateja. Siku hizi wateja walikuwa wamehamia kwenye pikipiki, na kuna wiki alipiga soga na muuza rangi tangu Jumatatu hadi Jumamosi bila kushika hata pampu.

Ndipo msichana mmoja, ambaye watu walimwita Binti Betri, alipofungua ofisi ya kukodisha baiskeli za umeme karibu na ufukwe. Alikuwa nazo sita tu. Alitaka mtu wa kufunga msafara, yaani kuendesha nyuma ya wageni akiwa na mfuko wa vifaa, atengeneze kitakachoharibika njiani. Mafundi wawili walikuwa wameshajaribiwa na kushindwa. Leo ilikuwa zamu ya Mama Spoki. Akifaa, kazi ni yake. Asipofaa, arudi kwa muuza rangi.

Wageni walikuwa wawili: mwalimu mstaafu na mumewe, waliotoka kusherehekea miaka arobaini ya ndoa. Mzee alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti, na daktari alimruhusu baiskeli kwa sharti kwamba milima aiachie betri. Mwalimu aliendesha mbele na Binti Betri, na kila mara aligeuka kumwambia mumewe akae pembeni, asiegemee mbele, afunge kifungo cha shati.

"Miaka arobaini," mzee akamwambia Mama Spoki, "na bado ananisahihisha kwa wino mwekundu."

Mama Spoki alicheka, lakini aliona pia kwamba kila mwalimu alipogeuka, alilitazama goti kwanza, ndipo akasema la kifungo.

Walipita kwenye miamba ambako mawimbi yalipasuka na kuacha povu jembamba juu ya lami. Walipita bandari ndogo yenye boti za rangi zilizopinduliwa juu ya mchanga, na mwanamke aliyekuwa akianika mashuka juu ya paa akawapungia kwa shuka zima. Mama Spoki alikuwa ameishi karibu na bahari hii maisha yake yote. Hakuwahi kuiona kwa saa tatu mfululizo, maana mwenye kibanda huitazama bahari anapofunga mlango, basi.

Chini ya mlima wa mwisho mzee akapata pancha kwenye gurudumu la nyuma. Wale wawili wa mbele walikuwa wameshapanda kwenda kuandaa chai kileleni. Mama Spoki akashuka, akamwambia mzee asijali, dakika kumi tu. Mikono yake ikafanya inachokijua. Kila baiskeli iliyowahi kumjia na pancha aliipindua: kiti chini, usukani chini, magurudumu juu. Hii ilikuwa nzito, mzee akamsaidia kuinyanyua. Ilipotua, kitu kikalia chini, sauti ndogo kama ganda la yai. Akadhani ni kokoto.

Akavuta tyubu upande mmoja bila kuling'oa gurudumu, maana aliuona waya wa mota ukiingia pale katikati na hakutaka kuusumbua. Mawimbi yalikuwa na kelele mno kusikia hewa inakotokea, kwa hiyo akalilowesha shavu lake kwa maji ya chupa na kuupitisha mpira taratibu karibu na uso, akiwa amefumba macho.  Pale hewa ilipolipuliza baridi shavu, akaweka kidole. Akapiga msasa, akapaka solusheni, akabandika kiraka, akajaza upepo.

Walipoigeuza, wote wawili walikiona. Kioo kidogo juu ya usukani, kile kinachoonyesha mwendo na betri, kilikuwa kimepasuka katikati. Mzee akabonyeza kitufe. Akabonyeza tena. Mota haikuitika.

Mama Spoki akakaa kwenye jiwe.

Mzee akasema kwa sauti ya chini kwamba jambo hili ni dogo. Angesema ameanguka nayo yeye mwenyewe. Mzee, goti bovu, nani angeuliza?

"Usifanye hivyo, baba," Mama Spoki akasema. "Mkeo ataogopa, hatakuruhusu tena kutoka nyumbani. Na mimi nitakuwa nimeipata kazi kwa goti lako."

Akampa mzee baiskeli yake, akapanda ile iliyokufa. Bila mota ilikuwa kama kuvuta kabati la nguo. Mzee angeweza kumwacha na kufika kileleni zamani. Badala yake aliiweka mota kwenye mwendo wa chini kabisa, akaenda sambamba naye, akizungumza habari za wajukuu wake bila kudai jibu. Mara mbili Mama Spoki alishuka akaisukuma kwa mkono. Mara zote mbili mzee naye alisimama, akajifanya anatazama mandhari.

Kileleni mwalimu na Binti Betri walikuwa wamesimama wakiwangoja. Mama Spoki hakungoja pumzi irudi.

"Nimeipindua kama ninavyopindua zote. Kioo kimevunjika. Mzee alitaka kulibeba kosa, nimemkatalia."

"Ulitaka kudanganya?" mwalimu akamuuliza mumewe. "Na mvi zote hizo?" Lakini mkono wake ulikuwa umeshamshika kiwiko.

 Kioo kile kiliagizwa nje, miezi miwili kufika, na msimu wa wageni ndio ulikuwa unaanza. Binti Betri akachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, akalikagua muda mrefu kuliko kioo.

"Waya haujaguswa," akasema. "Hukulitoa gurudumu?"

"Nilitoe la nini? Pancha ipo kwenye mpira, haipo kwenye mota."

Msichana akabaki kuutazama ule waya. Fundi wa kwanza aliukata alipolitoa gurudumu. Wa pili aligoma kugusa chochote, akaomba gari lije. Akainuka, akammiminia Mama Spoki chai kabla ya wageni, kisha mchana ule wote hakulizungumzia tena suala la kioo.

Walirudi ofisini jua likiwa bado juu ya maji. Wageni walipoondoka, Binti Betri akafuta mchanga kwenye magurudumu, akiwa ameupa mlango mgongo.

"Kesho kutwa kuna wageni watatu," akasema. "Sasa niambie. Bila kuipindua, utaitengenezaje?"

Mama Spoki akatazama juu. Dari lilikuwa na boriti moja nene. Kwenye kona kulikuwa na rundo la tyubu chakavu zinazosubiri kutupwa. Akachukua mbili, akazivurumisha juu ya boriti, akafunga kila moja kwa fundo, akaomba wasaidiane kunyanyua baiskeli. Moja ilibeba kiti, nyingine ikabeba bomba la fremu nyuma ya usukani. Baiskeli ikaning'inia, ikinesanesa kidogo, magurudumu yote mawili hewani na usukani haujagusa chochote. "Njiani nitatumia tawi la mti," akasema. Akalizungusha lile la nyuma kwa kidole. Spoki zikapotea kwa mwendo, zikawa duara moja la mwanga.

Alipogeuka, Binti Betri alikuwa ameshaileta baiskeli ya pili, ameishika kwa usukani, na anatafuta kwa macho mahali pengine kwenye boriti.