Manjano, Ndimu na Maji ya Daktari

Hatukumwalika. Tulikuwa katikati ya kipindi cha asidi na besi, kidato cha tatu, mwanamume mmoja alipoingia bila kubisha hodi. Suti ya buluu imembana kwapani, kadi shingoni imeandikwa DAKTARI bila kusema wa nini. Mkuu wa shule, Mwalimu Mwanabaraka, alimfuata amebeba katoni ya chupa kama hamali wake.

"Mpishe mgeni," aliniambia.

Mimi najitolea kufundisha hapa Fukayosi. Barua ya kuniongezea mwaka ilikuwa mezani kwake, inasubiri saini. Nikampisha.

Daktari alisema damu zetu zimejaa asidi, ndiyo maana tunaugua sukari na presha. Maji yake ya alkali huisafisha yote. Mgonjwa akiyaanza, vidonge atupe. Alitamka "pH" mara tisa, kila mara kama anamtaja mjomba wake waziri.

"Shikamoo," Tabia alisema. "pH ya damu ni ngapi?"

"Marahaba. Inategemea mtu na mtu, binti."

Damu ya binadamu ni besi kidogo, na ikiteleza kidogo tu mtu analazwa. Hata waliosinzia nyuma walilijua hilo. Mwanabaraka alimwitikia Daktari kwa kichwa, kwa heshima.

Tabia akatoa mkobani chupa kama zile, akanigeukia. "Mwalimu, uliahidi. Chochote tukileta, tutakipima. Bibi yangu kaacha vidonge vya sukari tangu Jumatatu, alipouziwa haya."

"Kipindi kimekwisha," alisema Mwanabaraka, akinitazama mimi.

"Bado dakika kumi, mwalimu," nikamjibu.

Tabia alimimina nusu glasi, akadondoshea manjano tuliyoloweka kwenye spiriti, kipimo chetu cha besi. Maji yakawa mekundu.

"Mnaona nguvu yake?" Daktari alichekelea. Masikini, alidhani tunamshangilia.

"Hata magadi ya kupikia maharage yanafanya hivyo," Tatu alisema kutoka nyuma. "Na mama hajiiti daktari."

Tabia akakamua ndimu. Matone matatu, wekundu ukapotea, rangi ya manjano ikarudi.

"Na tumboni?" nikauliza.

"Asidi ya tumboni ni kali kuliko ndimu, mwalimu," Tabia alijibu. "Alkali yake inaishia hapo, hata kwenye damu haifiki."

"Basi ukitoka hapa nenda moja kwa moja kwa bibi, anywe vidonge vyake. Jioni nitakuja mwenyewe kumweleza."

Daktari alikuwa ameshaanza kukusanya chupa zake, akihesabu kama tungemwibia. Mwanabaraka, mtu mwenye shahada mbili, alimfungulia mlango, akainama kabisa. Kisha akanigeukia.

"Ile barua usiisubiri."

Mikdad, aliyekaa mbele, alikuwa ameshikilia kichupa cha maji ya kisima cha kwao tangu asubuhi. Sasa alikuwa anakirudisha taratibu chini ya dawati.

Zilibaki dakika nne.

"Lete hicho, Mikdad," nikasema. "Ni zamu yako."